Gramafoni ya mzee haipigi: tafuta ugonjwa kabla ya kununua dawa

Nilipopewa gramafoni ya baba mkubwa kule Njombe, kitu cha kwanza nilichofanya ni kuichomeka na kuweka santuri. Ilizunguka, ikaimba, nyumba nzima ikashangilia. Tulirudia santuri ileile ya 45, yaani ya mizunguko 45 kwa dakika, jioni mbili mfululizo. Siku ya tatu sauti ya mwimbaji ilikuwa imeingia majivu. Kila "s" inakwaruza, tarumbeta zinapasuka. Nikafuta vumbi, nikabadilisha sindano, wapi. Sindano ya kwanza ilikuwa imekaa kwenye mkono ule tangu baba mkubwa akiwa kijana, ncha imelika hadi kuwa na makali kama ya patasi, na kwa jioni mbili ilikuwa imechonga kuta za mfereji wa santuri, ule ambamo sindano hupita. Bendi ile haipo tena, na nakala nyingine ya santuri ile sijaiona mpaka leo.

Tangu hapo nafanya kazi kwa kanuni moja, na mwongozo huu umejengwa juu yake: mashine inatengenezeka, santuri haitengenezeki. Mota inafufuka, mpira unapatikana, waya unauzwa Mwanjelwa. Mfereji uliochongwa haurudi. Kwa hiyo santuri unayoipenda iwe ya mwisho kugusa sahani, ile inayoizungusha. Tafuta nyingine isiyo na thamani kwako, hata kama imekwaruzika, hiyo ndiyo ya kujaribia.

Jambo la pili: usinunue kipuri kwa kusikia dalili. Dalili moja ina wazazi wengi. Nimeletewa mashine zilizokwisha kuwekewa katriji mpya (kile kichwa kinachoshika sindano), waya mpya na amplifaya mpya, kumbe ugonjwa ulikuwa grisi iliyoganda.

Kabla hujachomeka

Geuza mashine uone kibandiko cha nyuma au cha chini. Mashine za Uingereza kama Garrard na BSR nyingi ni za volti 200 hadi 250, zinakubali umeme wetu wa volti 230 na hezi 50 (hezi ni mapigo ya umeme kwa sekunde). Za Ulaya mara nyingi zina kichagua-volti. Hakikisha hakijawekwa 110. Zilizotengenezwa kwa soko la Japani ni za volti 100, za Marekani volti 117 au 120. Hizi ukizichomeka moja kwa moja unaiunguza mota. Zinataka transfoma ya kushusha, na hata hapo kuna jambo la hezi ambalo nitalifikia.

Fungua kifuniko cha chini umeme ukiwa umechomolewa. Angalia kama panya wametafuna waya. Tafuta kapasita iliyofungwa sambamba na swichi au kwenye njia ya umeme, mara nyingi kitu kidogo cha mstatili au cha mviringo. Zile za karatasi zikizeeka hupasuka ganda, hunyonya unyevu, na siku moja hutoa moshi mzito wenye harufu kali. Ukiona ufa, badilisha. Ya badala iwe ya daraja la X2, volti 275 za umeme wa mkondo geu, na thamani ileile iliyoandikwa kwenye ya zamani. Usikubali kapasita ya kawaida ya redio hata kama fundi anasema ni sawa. Siyo sawa, ile ya X2 imetengenezwa isishike moto ikifa.

Kama gramafoni imo ndani ya kabati moja na redio ya valvu, simama. Ndani yake kuna mamia ya volti, na kapasita kubwa hushikilia chaji hata baada ya kuchomoa. Baadhi ya seti za miaka ya 1950 bati lake la ndani limeunganishwa moja kwa moja na umeme wa ukutani. Sehemu hiyo mpelekee fundi redio mzee aliyewahi kushika valvu. Wapo bado, ukiulizia vizuri Sokomatola au Miyomboni utaelekezwa.

Haizunguki, au inazunguka ukiisukuma kwa kidole

Ondoa sahani. Washa, sikiliza mota. Kama iko kimya kabisa, fuata umeme: plagi, fyuzi, swichi, kisha koili ya mota kwa mita. Kama inavuma lakini shafti haigeuki, au inageuka kwa kujivuta, koili iko hai na mafuta yamekauka. Hii ya pili ndiyo ya kila siku.

Bushi za mota nyingi za zamani ni za shaba yenye vitundu vidogo vinavyonyonya mafuta. Baada ya miaka 40 mafuta yale yamekuwa gundi. Kudondoshea mafuta mapya juu yake kunasaidia wiki moja tu. Fungua mota, piga picha ya kila hatua kwa simu, weka alama kwa kalamu ya rangi jinsi vipande viwili vinavyokutana. Osha shafti na bushi kwa isopropili, ileile ambayo mafundi simu hutumia kusafishia bodi. Zikauke. Kisha weka matone mawili au matatu ya mafuta ya cherehani kwenye kila bushi, acha yanywe, pangusa yaliyozidi. Usitumie dawa ya kupuliza ya kulegeza nati zenye kutu. Inalainisha leo, kesho imeyeyuka na kuondoka na mafuta yaliyobaki.

Ukirudisha mota, zungusha shafti kwa vidole kabla ya kukaza skrubu. Izunguke hadi ijisimamie yenyewe taratibu. Ikisimama ghafla, bushi hazijanyooka. Gonga ganda kidogo kwa mpini wa bisibisi, jaribu tena.

Beringi ya katikati, ile inayobeba sahani, nayo ioshwe hivyohivyo. Yenyewe inapenda mafuta mazito kidogo kuliko ya cherehani. Ukikuta kigololo kimoja chini ya shimo usikipoteze; sahani nzima inakalia kile kigololo.

Muziki unavuta, mwimbaji analegea

Kwanza pima, usikisie. Huhitaji kifaa. Bandika kipande cha karatasi ukingoni mwa sahani, chukua saa. Kwa mwendo wa 33⅓, mizunguko 100 inachukua dakika 3 kamili. Kwa 45, mizunguko 90 kwa dakika 2. Kwa 78, hesabu 78 kwa dakika 1. Pima huku santuri ya kujaribia ikiwa inapigwa, kwa sababu uzito wa sindano nao unashika breki. Zipo pia programu za simu zinazopima mzunguko: unailaza simu juu ya sahani, inakuambia.

Ikikosea kidogo, tuseme mizunguko 96 badala ya 100, mshuku mpira na mafuta. Mkanda umelegea, au gurudumu la mpira linalosukuma sahani limekuwa gumu na linateleza. Pangusa kwa isopropili puli ya mota (kile kigurudumu kwenye shafti yake), mkanda, gurudumu, na ukingo wa ndani wa sahani pale gurudumu linapogusa. Tone moja la mafuta pale linatosha kutelezesha mashine nzima.

Ikikosea sana, mizunguko kama 83 badala ya 100, usihangaike na mafuta. Hiyo ni mashine ya hezi 60 inayolishwa umeme wa hezi 50. Hamsini kugawa kwa sitini ni asilimia 83 na ushee. Mwendo wa 33⅓ unakuwa kama 27.8, na sauti inashuka kiasi kwamba mwanamke anaimba kama mwanamume. Transfoma ya kushusha volti haibadilishi hezi, na hili huwachanganya watu wengi walioletewa mashine na ndugu aliyeko Marekani. Japani nayo imegawanyika: mashariki, Tokyo ikiwemo, ni hezi 50, na magharibi ni hezi 60. Baadhi ya mashine za huko zimewekewa puli mbili ndani ya kifurushi kwa ajili hiyohiyo.

Dawa yake ni puli kubwa zaidi, mara 1.2 ya ile iliyopo. Kama ya sasa ina kipenyo cha milimita 10, unataka 12. Kwa mashine ya mkanda, hesabu kipenyo pamoja na unene wa mkanda. Fundi wa kukereza vyuma anaweza kuitengeneza kwa shaba au aluminiamu. Mpelekee puli yenyewe, siyo mchoro, na umwambie tundu la katikati lisiyumbe hata unywele. Puli inayoyumba inaleta ugonjwa mwingine. Mashine zenye mota ya umeme wa mkondo mnyoofu au mota iliyo chini ya sahani moja kwa moja, kama familia ya Technics SL-1200 iliyoanza 1972, hazisumbuliwi na hezi. Kwake ni volti tu.

Neno kuhusu zile nukta za pembeni mwa sahani, ambazo zikionekana zimesimama chini ya taa basi mwendo uko sawa. Kwa umeme wa hezi 50, mwendo wa 33⅓ unataka nukta 180. Kwa hezi 60 ni 216. Sasa chukua mashine ya Marekani yenye nukta 216, ichomeke hapa kwetu: mota inazunguka polepole, taa nayo inapepesa polepole kwa kiasi kilekile, na nukta zinaonekana zimesimama kabisa. Zinakudanganya. Ndivyo pia ukitumia jenereta isiyoshika hezi 50. Na taa nyingi za LED hazipepesi vya kutosha, kwa hiyo chini yake hutaona chochote. Saa ya mkononi haidanganywi.

Walio mbali na gridi, Makete au vijiji vya Ludewa, wanaotumia sola: inveta za bei rahisi hutoa wimbi la ngazi-ngazi badala ya wimbi laini. Mota inavuma na kupata joto. Kama unaweza, tumia inveta ya wimbi safi, au mashine ya mota ya volti 12 ambayo haipitii inveta kabisa.

Sauti inayumba kama mtu aliye kwenye mtumbwi

Hesabu inayumba mara ngapi. Kwa 33⅓, mzunguko mmoja ni sekunde 1.8, kwa 45 ni kama sekunde 1.3. Ikiyumba mara moja kila mzunguko, na kwa santuri moja tu, santuri hiyo tundu lake halikutobolewa katikati au imepinda kwa jua. Mashine haina kosa. Ikiyumba kwa santuri zote, angalia mkanda. Ikiyumba harakaharaka, angalia puli na gurudumu.

Mkanda haupimwi kwa kuuvuta na kusema bado una nguvu. Pitisha uzi kwenye njia yote ya mkanda, kuzunguka puli na sahani ya ndani, pima urefu wake, punguza asilimia 5 hivi. Huo ndio mzingo wa mkanda wa kuagiza. Upana na unene chukua kwa ule wa zamani. Nimeona mikanda iliyokatwa kwa tyubu ya baiskeli. Inazungusha sahani, sikatai, na kwa kujaribu kama mota ni nzima inafaa sana. Kwa kusikiliza haifai. Unene wa tyubu haulingani na kila sehemu nene ikipita kwenye puli sauti inapanda.

Inanguruma chini ya muziki, au inagonga du, du, du

Kugonga kwa mpigo ulio sawa ni gurudumu la mpira lenye ubapa. Mtu aliacha mashine ikiwa kwenye gia, akahama, gurudumu likabanwa mahali pamoja miaka 20. Lizungushe kwenye drili polepole huku umeshika msasa laini dhidi yake, ondoa ngozi ngumu ya juu tu, kisha pangusa. Ubapa mdogo hupotea. Mpira uliopasuka au uliogeuka kuwa plastiki hauponi. Hapo unaagiza gurudumu jingine au unampa fundi wa mpira alivishe upya.

Mngurumo usio na mpigo hutoka kwenye mota kupitia vikalio vyake. Vile vipira vitatu vinavyoning'iniza mota hukauka, mtetemo unapita moja kwa moja hadi kwenye sindano. Hapa tyubu ya gari ni rafiki: vipande vyake, vikikatwa kwa umbo lilelile, vinafanya kazi nzuri kwa sababu havizunguki, vinabeba tu.

Na kama nyumba yako iko kandokando ya barabara kuu ya Tunduma, lori la tani 30 linalopita Uyole linafika kwenye sindano. Nilimtengenezea mzee mmoja mashine mara mbili kabla sijaketi kwake jioni na kusikia. "Mwanangu, ndiyo hiyo," akaniambia kila lori lilipopita. Tulichukua bamba zito la zege, tukaliweka juu ya mipira minne ya tenisi iliyokatwa nusu, mashine juu yake. Akatulia.

Mkono haurudi, au unatua pasipo mahali pake

Huu ndio ugonjwa wa nyanda za juu. Mashine za kubadilisha santuri zenyewe zina sahani kubwa ya meno chini, mikono midogo, springi, na zote zilipakwa grisi kiwandani. Grisi ile ikizeeka inakuwa nta ya kahawia. Sasa ongeza baridi ya Juni na Julai. Mtu wa Mafinga ataniambia, "Fundi, asubuhi inagoma, saa nane mchana inafanya kazi." Ukisikia hivyo usitafute kingine.

Kaa chini na uvumilivu. Piga picha nyingi. Toa grisi yote ya zamani kwa kijiti cha mianzi na isopropili. Kijiti cha chuma kinakwaruza. Paka grisi nyeupe ya lithiamu, kidogo sana, pale tu chuma kinapoteleza juu ya chuma. Kisha kuna sehemu moja ambayo haitakiwi kupakwa chochote: kile kijimkono chepesi kinachohisi kwamba sindano imefika mwisho wa santuri na kuamsha utaratibu wa kurudi. Chenyewe husukumwa na nguvu ndogo mno ya mkono. Kisafishe, kiache kikavu. Wanaopaka grisi kila kitu ndio wanaozaa mashine inayozunguka mwisho wa santuri bila kurudi, na sindano inakaa hapo ikisaga usiku kucha.

Mkono ukitua nje ya santuri au katikati ya wimbo wa kwanza, karibu na shina la mkono huwa kuna skrubu ndogo ya kurekebisha mahali pa kutua. Geuza robo mzunguko, jaribu, geuza tena. Lakini safisha kwanza. Ukirekebisha kabla ya kusafisha, utarekebisha mara mbili.

Mvumo kwenye spika

Gusa chuma cha mkono kwa kidole. Mvumo ukibadilika, ni habari ya ethi: ule waya mwembamba wa peke yake unaotoka na waya wa sauti haujafungwa kwenye amplifaya, au umekatika ndani. Usipobadilika, sogeza mkono polepole kuelekea katikati bila kushusha sindano. Mvumo ukipanda kadiri unavyokaribia mota, katriji yako haina ganda la kuikinga na sumaku ya mota, na dawa yake ni katriji nyingine. Ukiwa uleule popote, sogeza waya wa sauti mbali na transfoma ya amplifaya. Mara nyingi unaishia hapo.

Upande mmoja kimya

Kwenye kichwa cha mkono kuna waya nne, na rangi zake zimekubalika kwa watengenezaji karibu wote: nyeupe ni kushoto chanya, bluu kushoto hasi, nyekundu kulia chanya, kijani kulia hasi. Badilishana jozi: peleka nyekundu na kijani kwenye pini za kushoto, nyeupe na bluu za kulia. Ukimya ukihamia spika ya upande wa pili, katriji ndiyo mgonjwa. Ukibaki palepale, ni waya, plagi au amplifaya. Vuta vile vibanio vidogo kwa koleo nyembamba, usivute waya. Na usilehemu kamwe juu ya pini za katriji. Joto linakata koili ndani kabla hujainua mkono.

Mashine za Ulaya za miaka ya 1960 na 1970 hutoka na plagi ya duara yenye pini tano. Kwenye hiyo, pini 2 ni ethi, 3 kushoto, 5 kulia. Ukitaka kuingia kwenye amplifaya ya kisasa, kata na ufunge plagi nyekundu na nyeupe kwa mpangilio huo.

Sauti nyembamba kama ya simu, au nzito iliyopasuka

Hapa ujue aina ya katriji. Ya sumaku hutoa milivolti 3 hadi 5 tu, na besi imepunguzwa makusudi wakati wa kurekodi ili mifereji isiwe mipana mno. Inahitaji priamplifaya ya fono inayorudisha besi kwa mchoro uleule uliokubaliwa katikati ya miaka ya 1950. Ukiichomeka kwenye tundu la kawaida la redio, unapata mlio wa nzi. Ya seramiki, ambayo imejaa kwenye BSR na mashine za sanduku, hutoa mamia ya milivolti na haihitaji priamplifaya hiyo. Ukiipitisha humo inapasuka.

Kupasuka kwa "s" na shaba za tarumbeta, hasa karibu na mwisho wa santuri, ni sindano iliyolika au iliyokaa upande. Ncha za yakuti, ambazo mashine nyingi za zamani zilikuja nazo, huishi saa 40 au 50 hivi. Ya almasi huenda saa 500 hadi 1,000. Mpelekee kijana wa simu mwenye darubini ya kukagulia bodi, mwombe akuwekee sindano. Ncha nzima ni mviringo laini. Iliyolika ina nyuso mbili bapa zinazong'aa pembeni. Ukiziona, itupe siku hiyohiyo.

Kuna na sindano za kugeuza, upande mmoja 78, upande mwingine 33 na 45. Ncha ya 78 ni pana karibu mara nne. Ikiwekwa kwenye santuri ya 45 inapanda juu ya kingo za mfereji, sauti inajaa vumbi na ukingo unabomoka. Mtu akiniambia santuri zake zote zimeharibika kwa pamoja, naangalia kigeuzi hicho kwanza.

Inaruka

Weka pima-maji juu ya sahani. Kisha pima uzito wa sindano. Ile mizani ndogo ya dijitali wanayopimia dhahabu Chunya inafaa kabisa: weka sindano juu yake kwa upole, sahani ikiwa imesimama, kwa kimo kilekile cha santuri. Katriji ya sumaku mara nyingi inataka gramu 1.5 hadi 2.5, ya seramiki gramu 4 hadi 6. Watu huogopa uzito wakapunguza mno. Sindano nyepesi mno inarukaruka ndani ya mfereji na kuupiga nyundo, na hilo linachonga kuliko gramu nusu ya ziada.

Ikiruka mahali palepale kwa santuri moja, osha santuri. Maji yaliyokenekwa ya kujazia betri ya gari yanafaa, lakini soma lebo uhakikishe siyo asidi. Ongeza tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini kisicho na nyuzi, fuata mviringo wa mfereji, suuza, kausha kivulini. Za Tukuyu na Rungwe huwa na ukungu mweupe kwa sababu ya mvua. Rudia mara mbili. Santuri nzito za 78 zinazovunjika kama kigae usiziguse kwa spiriti wala isopropili. Zimetengenezwa kwa utomvu wa shelaki, na spiriti huuyeyusha.

Unapotaka kuiboresha

Usiboreshe mgonjwa. Ikishapona na kupiga mwezi mzima bila lalamiko, hapo zungumza nami.

Fedha ya kwanza iende kwenye sindano au katriji, ya pili kwenye priamplifaya nzuri, ya tatu kwenye mahali inapokalia. Waya wa bei kubwa na mkeka wa sahani uje baadaye kabisa au usije. Na siyo kila mkono unabeba katriji ya kisasa. Mkono wa BSR wa sanduku una msuguano mkubwa kwenye beringi zake. Umetengenezwa kwa gramu 5. Ukiufungia katriji ya gramu 2 utaruka kila wimbo, halafu utailaumu santuri. Hiyo iwekee sindano mpya ya seramiki, iache ilivyo, ina sauti yake nzuri kwa muziki wa dansi. Mashine kama Dual za Ujerumani au Thorens zina mikono inayostahili katriji nzuri, na hapo kila shilingi inasikika.

Kwa fundi ilipiga, nyumbani haipigi

Mama mmoja wa Iringa alinipigia simu siku aliyoshuka na mashine yake. "Baba, imekuwa ngumu, kila tukitembea inaruka." Nilikuwa nimekaza skrubu za safari ili isitikisike kwenye basi, nami sikumwambia azilegeze. Mashine nyingi zimening'inizwa kwa springi, na skrubu mbili au tatu za juu zinaifunga kwa safari. Zilegeze hadi mashine ielee ukiibonyeza kwa kiganja.

Kwa safari yenyewe: toa sahani, ifunge peke yake, kwa sababu uzito wake ukiruka kwenye matuta unapinda shafti. Funga mkono kwa utepe wa karatasi, siyo gundi. Toa katriji au ifunike kofia yake. Kizani kilicho nyuma ya mkono, kile kinachousawazisha, kitoe, kiweke mfukoni. Panda nayo ndani ya basi, usiiweke kwenye buti. Ukifika, iache ikiwa imefungwa saa mbili tatu ipate joto la chumba kabla ya kuichomeka, hasa ukitoka kwenye baridi ya juu kushuka Kitonga kwenda bondeni, maana unyevu hujikusanya kwenye chuma chenye baridi. Kisha pima-maji, uzito wa sindano upya kwa mizani, santuri ya kujaribia upande mmoja wote. Ndipo uitoe ile ya mzee kwenye bahasha yake.